Shangazi, nawahi darasani, sasa wenzangu wananiita mnoko

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa Hisabati kwenye sekondari ya kata mkoani Morogoro. Nina miaka 27, sijaoa, na nimepanga chumba jirani kabisa na shule, kiasi kwamba kengele ya usafi inanikuta napiga mswaki. Naomba jina langu na la shule yasitajwe, maana huku kila mtu anamjua mwenzake.

Tangu nianze kazi nina kawaida ya kuingia darasani kabla ya kipindi. Kidato cha pili ninao kipindi cha kwanza, saa 2:00, karibu wiki nzima. Wakitoka mstarini wananikuta ndani. Nafuta ubao ulioachwa na michoro ya jana, naandika tarehe na mada, naangalia nani hana daftari na nani amekaa watatu kwenye dawati la wawili. Kuna binti hakuwahi kunyoosha kidole tangu mwaka uanze. Ni katika dakika hizo ndipo alinifuata pale mezani, akaniuliza kwa sauti ya chini kwa nini kujumlisha kunageuka kutoa namba ikihamia upande wa pili wa alama ya sawasawa. Mbele ya wenzake sabini na kitu asingeuliza hata kwa fimbo. Sasa hivi anafanya milinganyo vizuri, na mwaka huu wana upimaji wa taifa.

Tatizo, Shangazi, ni kwamba mkuu wa shule aliliona hilo akaanza kunitaja vikaoni. "Mbona fulani anaweza?" Mara ya kwanza nilifurahi, sitaki kukudanganya. Baadaye nikaona nikiingia ofisi ya walimu mazungumzo yanakatika. Wananiita Mnoko, wengine Mkuu Mdogo. Mzee mmoja wa Historia aliniambia mbele ya watu: "Wewe huna mke wala mtoto wa kuamka naye usiku. Ukioa utakuja kutusimulia." Huyo huyo nikisubiri mlangoni kwake amalize kipindi ili niingie, hunigeukia na kusema, "Mwalimu, kengele haijalia."

Hayo ningeyavumilia. Ila mkuu amenipa kazi mpya. Kila darasa lina daftari ambalo monita hukaa nalo, mwalimu akiingia anasaini na muda unaandikwa. Mkuu anataka kila siku niyapitie, niorodheshe ambao hawakuingia na waliochelewa, kisha nimpelekee orodha kila Ijumaa. Anasema ananiamini.

Na hapa ndipo penye mwiba wenyewe. Kuna mwalimu wa Kiswahili, nimwite Mama K. Nilipopangiwa kituo hiki nilikuja na begi na godoro. Fedha ya kujikimu ikachelewa, na huku sikuwa na ndugu. Huyu mama alinipokea kwake, nikala na kulala na wanawe mpaka mshahara wa kwanza ulipotoka, na hakunidai hata nauli aliyonikopesha. Sasa ana mtoto wa miezi mitano. Anaishi ng'ambo ya mji, anapanda daladala kisha bodaboda, na dada anayemshikia mtoto hafiki hadi saa 1:00. Kitabu cha mahudhurio mkuu anakipiga mstari mwekundu saa 1:30. Mama K. anafika kwenye saa 2:15, na kipindi chake cha kwanza kidato cha tatu kinakuwa kimeshakatika.

Amenijia akaniambia, "Mdogo wangu, nisainie tu pale kitabuni kabla ya mstari. Ukiwa huna kipindi, kaa na watoto wangu kidogo mpaka nifike. Na hiyo orodha yako, mimi niruke." Sijamjibu. Nimekuwa nikimkwepa, naingia darasani hata kabla ya mstarini ili asinikute ofisini.

Juzi monita wa kidato cha tatu aliandika "hajaingia" kwenye kipindi cha mwalimu mwingine kabisa, na mwalimu huyo akamwita akamwamuru afute. Tangu hapo kijana akiniletea daftari ananiuliza, "Mwalimu, niandike saa ngapi?"

Nikimkatalia Mama K. nitaonekana nina shukrani ya punda. Nikimkubalia nitakuwa mwongo, tena mwenye orodha ya waongo wenzake. Nimefikia hatua ya kufikiri niache tu hii tabia ya kuwahi, niingie kama wengine, yaishe. Nifanyeje?

Mwalimu, Morogoro

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, na pole.

Ngoja nione kama nimekuelewa. Ulikuwa na jambo lako dogo, zuri, kati yako na wanafunzi wako. Mkuu akalichukua akaligeuza kiboko cha kuwachapia wenzako. Halafu akakukabidhi kiboko chenyewe ukishike wewe. Na wa kwanza kusimama mbele yake ni mtu aliyekupa chakula ulipokuwa huna. Yeyote angechanganyikiwa.

Naomba nianze na pale ulipoishia, hilo wazo la kuacha kuwahi. Naona umechoka, ndiyo maana unataka kukikata kitu ambacho hakina kosa. Kengele ikishalia unakuwa wa darasa zima, na yule binti asingekupata peke yako. Ukaniambia na ubao. Wanaofundisha wanajua ubao unavyokula muda: mwalimu anaingia na kengele, anatafuta dasta, anafuta, anaulizia chaki, anaandika tarehe, anawanyamazisha, na dakika kumi zimeondoka kati ya arobaini. Kwa somo la vipindi vinne kwa wiki, hicho ni kipindi kizima kila wiki. Mwaka wetu wa masomo una siku 194, takriban wiki 39. Fanya hesabu, wewe ndiye mwalimu wake. Vipindi 39 mtoto hakuvipata, na kwenye karatasi ya mtihani hakuna atakayempunguzia maswali.

Kwa hiyo ukiacha, wenzako wanaweza kutulia kwa wiki mbili, lakini watakaolipa ni wa kidato cha pili. Sikukatazi. Nataka tu ujue nani analipa.

Sasa nikuulize jambo ambalo barua yako imelipita haraka. Unazungumza kana kwamba shuleni kwenu kuna makundi mawili, wanaowahi na wanaochelewa, na Mama K. yuko kundi la pili. Je, akishafika, huwa anakwenda wapi? Hukuniambia, lakini ulivyoandika naona anakimbilia darasani kwake. Na wale waliosaini saa 1:10, mstari mwekundu ukawakuta salama, wote wako darasani saa 2:00? Au kuna ambao saa 2:20 bado wana kikombe cha chai na kipande cha chapati, wanabishana Simba na Yanga?

Sikuulizi kwa kejeli. Mwaka 2014 Benki ya Dunia ilifanya utafiti kwenye shule za msingi hapa nchini, watafiti wakifika bila taarifa. Walikuta zaidi ya mwalimu mmoja kati ya watatu hayupo darasani wakati wa kipindi, na wengi wa hao walikuwa wako shuleni. Walishafika, walishasaini. Safari iliyowashinda ilikuwa ile ya kutoka ofisi ya walimu kwenda darasani, ambayo haina daladala wala foleni. Zilikuwa shule za msingi na ninyi ni sekondari, lakini nadhani unaijua picha hiyo.

Nalisema hili kwa sababu kitabu cha mkuu kinampiga Mama K. mstari mwekundu na kumpa heshima mtu wa chai. Daftari la monita angalau linasema ukweli zaidi, maana linauliza uliingia darasani saa ngapi. Na pengine ndiyo maana mwalimu yule alitaka lifutwe.

Tuje kwa Mama K. mwenyewe. Amekuomba mambo matatu kwa pumzi moja, na wewe umeyabeba kama jambo moja. Hayafanani hata kidogo.

La kusaini. Kuandika saini ya mtu mwingine kwenye kitabu cha serikali ni kughushi, na halina jina laini zaidi ya hilo. Likigundulika, kesi ya nidhamu inaweza kufika Tume ya Utumishi wa Walimu, na atakayeitwa si wewe peke yako. Na yeye ataitwa, ana mtoto mchanga na mshahara anaoutegemea. Kama bado hujathibitishwa kazini, hali yako ni tete zaidi. Tena fikiria jinsi inavyogundulika. Kwa kawaida hakuna mkaguzi anayelinganisha miandiko. Kuna mwenzenu mmoja aliyekasirika. Na umeniambia mwenyewe kuwa ofisini kwenu hasira zipo.

La kukaa na watoto wake mpaka afike ni ombi la aina nyingine kabisa. Walimu wamekuwa wakishikiana vipindi tangu shule zianze. Ukiwa huna kipindi saa 2:00, na mwalimu wa taaluma anajua, ukaingia kidato cha tatu ukawapa mazoezi ya Hisabati au hata ukasimamia imla aliyoiacha Mama K., nani amedhulumiwa? Hatari ipo: ikifanyika kimyakimya inageuka kuwa mazoea, wewe unachoka, na siku ukiugua inaonekana wewe ndiye uliyeliacha darasa. Kwa hiyo kama utalikubali, lijulikane.

La kumruka kwenye orodha ndilo gumu kuliko yote kwangu. Ukimruka yeye, mzee wa Historia naye atakuja, na atakuwa na haki. Ukimwandika bila maelezo, mkuu ataona jina na dakika, hataona mtoto wala bodaboda. Je, orodha lazima iwe majina na dakika tu? Hakuna mahali pa kuandika sababu? Na zaidi ya hapo, ni lazima uwe wewe? Shule ina mwalimu wa taaluma, ina makamu, ina mwalimu wa zamu. Mkuu kukuamini ni jambo jema, lakini umri wako kazini ni mdogo, na kumfanya kijana awe macho ya ofisi juu ya watu waliomtangulia ni kumtenga nao hata angeandika kwa haki kiasi gani. Unaweza kumwendea ukamwambia kwa adabu kwamba kazi hiyo inakuvurugia ushirikiano na walimu, na ungeomba ibaki taaluma. Anaweza kukuelewa. Anaweza pia kuudhika, akaona umemkatalia mbele ya imani yake, na sifa za vikaoni zikageuka. Ni vyema ujiulize kama sifa hizo bado unazihitaji. Ulikiri kwamba mara ya kwanza ulifurahi, na nimeupenda ukweli huo.

Sasa kuna jambo ambalo sijui kama Mama K. analijua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, pale inapozungumzia likizo ya uzazi ya siku 84, inamtaka pia mwajiri amruhusu mama anayenyonyesha kwenda kumnyonyesha mtoto ndani ya saa za kazi, kwa muda usiozidi saa mbili kwa siku. Akina mama wengi wanaijua likizo na hawaujui muda huu, au wanaujua na wanaona aibu kuuomba kwa mkuu mwanaume. Siwezi kukuhakikishia mkuu wenu atakubali muda huo utumike asubuhi. Lakini mama mwenye mtoto wa miezi mitano ana mahali pa kuanzia mazungumzo ambapo si pa kuomba huruma. Akiandika barua fupi, akaiwasilisha mwenyewe, akaomba kipindi chake cha kwanza kisogezwe mpaka mtoto atakapokua kidogo, mwalimu wa taaluma ana uwezo wa kuigusa ratiba. Najua ratiba zilivyo. Ukigusa kipindi kimoja vinne vinalia. Nani angekubali kubadilishana naye saa 2:00? Kuna kijana mmoja wa Hisabati anayeishi jirani na kengele.

Usinielewe vibaya, sikusukumi huko. Utakuwa umejiongezea asubuhi nyingine, na wapo watakaosema Mnoko sasa anapanga na ratiba. Na inawezekana pia Mama K. asipende mambo ya nyumbani kwake yafike ofisini; hilo ni lake kuamua, usilipeleke wewe kwa mkuu kabla yake, hata kwa nia njema. Nimewahi kuona nia njema za namna hiyo zikivunja urafiki kuliko kusema hapana.

Kuhusu shukrani ya punda. Mwanangu, alipokupa chakula na mahali pa kulala alikuwa anakulea, na sidhani kama alikuwa anaandika deni. Ni wewe unayeliita deni. Inawezekana hata yeye amekuomba saini kwa sababu hajaona mlango mwingine, na ukimwonyesha mlango atashukuru zaidi ya saini. Inawezekana pia atakasirika, akukumbushe godoro na begi. Sijui, simjui, wewe umekula naye. Ninachoona ni kwamba kumkwepa kunamuumiza kuliko jibu lolote utakalompa. Anadhani umepanda cheo. Nenda nyumbani kwake siku ya Jumapili, si ofisini, kambebee mtoto kidogo huku mnaongea. Mwambie unachoweza na usichoweza. "Dada, kitabu sitaweza. Darasa nitakushikia, lakini taaluma wajue." Au maneno yako mwenyewe, unayajua zaidi yangu namna ya kusema naye.

Huyo monita nimemwacha mpaka hapa makusudi, kwa sababu ndiye aliyenikosesha raha. Kijana wa miaka kumi na sita hivi anashika kalamu na kuuliza mtu mzima aandike ukweli wa saa ngapi. Ameamrishwa kufuta na mwalimu, na ameona kwamba inawezekana. Chochote mtakachoamua wewe na mkuu, wewe na Mama K., huyu asiendelee kuwa katikati. Kama daftari lazima liwepo, mwalimu anaweza kuandika muda wake mwenyewe kwa kalamu yake, na monita akabaki na kazi ya kulileta na kulirudisha. Unaweza kulipendekeza hilo kikaoni bila kumtaja mtu. Pengine litakuwa jambo la kwanza utakalosema kikaoni ambalo wenzako hawatalisikia kama ni la mkuu. Kwa leo, akikuuliza aandike saa ngapi, mwambie tu aandike saa aliyoiona.

Na wenzako? Hao wa Mnoko na Mkuu Mdogo? Nina mashaka kama wanachukia kuwahi kwako. Walikuwa wanakuona unawahi kabla mkuu hajakutaja, na hukuniambia kama walikuwa wanakusema. Neno la yule mzee kuhusu mke na mtoto lina ukali, lakini lina ukweli ndani yake pia: unaishi jirani na shule, huna wa kumwogesha asubuhi, na kuwahi kwako kunakugharimu kidogo kuliko wao. Ukilikubali hilo kwa mdomo wako siku moja, kwa utani, unaweza kushangaa baridi itakavyopungua. Au isipungue haraka. Watu wazima wakishakuweka kwenye fungu wanachukua muda kukutoa.

Umeandika pia, kama mtu anayepita, kuhusu kusimama mlangoni kwa mzee wa Historia. Hapo nitakuwa upande wake kidogo. Kipindi ni chake mpaka kengele ilie. Ukisimama mlangoni na chaki mkononi, macho yote yanahamia kwako, na zile dakika za mwisho anazotaka kuwapa kazi ya nyumbani zinakuwa zimekwisha kabla ya wakati. Kule kwa kidato cha pili saa 2:00 unawahi darasa tupu, hapa unawahi darasa la mtu. Na yeye akizidisha muda baada ya kengele, basi hapo dakika ni zako na una haki ya kubisha hodi. Mimi ningemtafuta wakati wa mapumziko, nimwamkie, nimuulize angependa nisubiri upande gani.